Filimbi na Simu ya Kioko

Kuna siku naikumbuka, mwanangu. Nilikuwa msichana huko Ndithini, nimepewa filimbi niwaonye watu wa bondeni mto ukijaa. Nilikuwa na kifua, usinione hivi! Nikipuliza mbuzi wanakata kamba. Mjomba Muthoka akasema, "Mpe mwenzako apulize. Wewe teremka usikilize."

Nikateremka mpaka nyumba ya mwisho. Watoto wanacheza mlangoni, mto uko hapo nyuma yao. Nikasikia upepo tu. Nikapanda mbio kurudi.

Muthoka akanikaripia, "Kupuliza umepuliza. Nani amesikia?"

Sasa mjukuu wangu Mwende anatengeneza programu za simu. Mimi shule niliachia darasa la pili, lakini alinieleza: anaandika mara moja, kwa lugha zile za kurasa za mtandao, na simu za kila aina zinaifungua. Hii ilikuwa ya kuonya watu maji yakipanda hapa kwenye bwawa la Masinga. Simu yake mpya ikalia, kuku wakaruka.

"Umesikia, susu?" Ndivyo Wakamba tunavyomwita bibi.

"Mimi nimesikia. Na Kioko?"

Kioko ni kitinda mimba wangu, mvuvi, analala kibandani kando ya bwawa. Simu yake ni ya zamani, kioo kimepasuka.

"Susu, ni kitu kimoja! Simu zote sawa."

Lakini mawingu yalikuwa meusi, na mimi kimawazo nilikuwa nimerudi kwa ile nyumba ya mwisho. Nikamsumbua mpaka tukapanda boda boda kwenda kibandani kwa Kioko.

Kioko akatia simu mfukoni. Mwende akatuma onyo. Tukangoja. Kimya.

"Labda inaogopa samaki," Kioko akasema.

Mwende akaitoa, akagusa kioo. Hapo ndipo ikalia. "Simu ikilala, kioo kikizima, programu yangu inalala nayo. Hii ya zamani hainiruhusu kuiamsha."

Matone yakaanza. "Kioko, beba blanketi," nikasema. "Bishana nami huko juu."

Asubuhi mahali pa kibanda palikuwa na maji matupu.

Mwende aliitengeneza upya programu yake, na siku hizi anaanza na simu ya Kioko, imelala mfukoni. Nawe, mwanangu, kabla hujawaambia watu walale bila wasiwasi, shuka kwa yule wa mwisho, mwenye simu mbovu kuliko zote, usimame naye usikilize. Ukiogopa, ogopa mapema.

Mungu akulinde, na mvua ikija usiku, wako wote waamke.