Namna Nilivyomfanya Yaya Mado Kuwa Pirati

Kompyuta ya zamani ikiwashwa baada ya kukaa muda mrefu, hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Sisi watu wa Kolwezi tunaijua vizuri, maana vumbi letu jekundu huingia kila mahali, hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Juzi kijana mmoja wa kazini aliwasha moja, harufu ikanipiga puani, nikakosa utulivu asubuhi nzima. Kama hiyo haitoshi, mchana akanionyesha kwenye simu yake filamu kuhusu pirati wa kwanza wa kompyuta, yaani wadukuzi, wale vijana wa zamani waliojua kupiga filimbi ndani ya simu mpaka laini ikafunguka. Hadithi zenyewe ni za kweli. Lakini katika filamu kila mmoja alikuwa amejifunika kofia ya koti, kakaa gizani, herufi za kijani zinammulika usoni, na muziki wa kutisha nyuma yake. Nilimwambia azime, akanishangaa. Pirati niliyemjua mimi alikuwa amefunga nywele kwa uzi mweusi, na alikuwa anauma kucha.

Alikuwa dada yangu, Mado. Sisi wenye asili ya Kasai humwita mkubwa yaya, basi kwangu ni yaya Mado mpaka leo. Tulikaa Dilala, katika nyumba ya kampuni, na baba alikuwa ameleta mashini ya kuandika ya Kifaransa kutoka ofisi moja iliyofungwa. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Mimi niliifanya kiti. Yaya alifundisha vidole vyake juu yake, tak, tak, tak, kila alasiri akitoka shule, mpaka mama akalalamika kwamba kichwa kitampasuka.

Shuleni kwetu, msingi na sekondari pamoja, kulikuwa na kompyuta moja tu. Ilikaa ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu cha kanisani. Ndani yake kulikuwa na orodha ya wanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari watakaofanya mtihani wa serikali, na jina la yaya lilikuwemo. Siku moja prefe alimwaga chai juu ya klavie, ule ubao wa herufi. Akanunua nyingine kwa mfanyabiashara aliyekuwa akileta vitu kutoka Zambia. Tangu asubuhi ile mashini ilikataa neno lake la siri. Aliandika kwa kidole kimoja, akaandika tena, ikakataa. Wakaguzi walipokuja kuchukua orodha, aliwaambia kwamba pirati ameingia.

Neno lile lilizunguka shule nzima kabla ya kengele ya mapumziko. Sisi wadogo tulikuwa tumemwona pirati kwenye kibanda cha video karibu na soko, anafungua benki kwa vidole kumi bila hata kuangalia, na tulimwogopa huku tunamtamani. Mimi nilikuwa na miaka tisa, msichana mfupi kuliko wote kalasini, na hakuna aliyenijali. Nikafungua mdomo. "Yaya yangu ni pirati. Hakuna mashini yenye inamushinda." Palepale walinisogezea nafasi katikati ya benchi. Nilikula raha siku mbili nzima.

Siku ya tatu tuliitwa ofisini, yaya na mimi. Prefe alimwonyesha kiti, akamwambia afungue, kwa kuwa anasemekana anaweza. Yaya aliinama juu ya klavie bila kuigusa. Niliona vidole vyake vikichezacheza juu ya paja. Kisha akasimama, akageuza uso ukutani, asije akaona neno la mkubwa.

"Tata Prefe, andika mwenyewe. Ila pa A finya Q, na pa Z finya W. Hii klavie ni ya Bangereza, lakini mashini yetu inajua Kifaransa tu."

Ikafunguka. Kila kitu kilikuwemo, hakuna jina lililoguswa. Nilitaka kupiga makofi. Prefe alifuta jasho shingoni.

"Ni weye ulifunga," akasema. "Kama hapana, ungejulia wapi?"

"Hapana, tata. Ku nyumba tuko na mashini ya kuandika. Vidole vyangu vinajua pale A inakalaka."

Prefe akanigeukia mimi. "Ni weye ulisema yaya yako ni pirati?"

"Ndiyo, tata," nikasema, kidevu juu.

Alifuta jina la yaya kwenye orodha mbele yetu, kwa kidole kilekile kimoja. Baba alikwenda kuomba mara tatu, amevaa ovaroli ya kazi, kofia mkononi, akarudi vilevile. Yaya hakufanya mtihani mwaka ule. Mwaka uliofuata mama aliugua, ikabidi abaki nyumbani, na shule ikaishia hapo. Leo anauza mikate kwa wachimbaji kule Mutoshi.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba prefe hakuelewa, kwamba watu wa umri wake waliogopa mashini. Nilijidanganya. Mtu akiambiwa afinye Q apate A, na A ikaja, ameelewa. Kama angemshukuru yaya, ingembidi arudi kwa wakaguzi awaambie kwamba hakukuwa na pirati, kulikuwa na chai.

Jioni ya ile filamu sikuweza kukaa. Nilimpigia yaya, nikamwomba msamaha kwa mara ya kwanza. Upande wake pikipiki zilikuwa zinapita, ikabidi nirudie mara mbili.

"Mi nilikuwa pale, nilikuona," akasema. "Ulikuwa unanisifu."

Afadhali angenitukana. Prefe alikuwa anatafuta pirati wa kuwapelekea wakaguzi, na katika Dilala yote ni mimi niliyemletea mmoja, tena kwa majivuno.