Baba Alijulikana

Juzi binti yangu aliniuliza maana ya neno la Kiingereza, "famous". Papo hapo nikasikia harufu ya maharagwe yanayoungua.

Nikiwa mtoto, alasiri moja siku chache baada ya waasi kuvamia nchi yetu kutoka Uganda, baba, mwalimu aliyekulia hukohuko, alikuwa akinifundisha neno hilohilo uani, mama akipika.

"Famous ni mtu anayejulikana na watu wote," alisema.

Wanajeshi wakaingia. Mkubwa wao akamtazama baba, akasema taratibu, "Mwalimu, wewe iko najulikana sana hapa Kibagabaga."

Nikapiga makofi. "Papa, wewe ni famous!"

Hakuna aliyecheka. Baba alinifunga kifungo cha shati, akaondoka nao. Mama aliyaacha maharagwe yakaungua.

Shuleni nilijigamba kwamba baba yangu amechukuliwa kwa sababu ni famous.

Kumbe sikukosea.