Petroli ya Kupandia Butiama

Mimi nina mdomo, sikatai. Kwa hiyo pikapu yetu ilipoanza kugonga nilisema siku hiyohiyo, palepale mlimani, tukiwa tumejaza magunia ya dagaa hadi juu. Nilimwambia mume wangu injini inagonga. Akasema haigongi. Nikamwambia hebu sikiliza. Akainamisha kichwa kuelekea kwenye dashibodi, akakaa hivyo mpaka tumemaliza mlima, akasema hiyo ni milango.

Ni pikapu ya petroli, ya Kijapani, imezeeka lakini haijachoka. Mimi nanunua dagaa Mwigobero asubuhi boti zikiingia, yeye anabeba, wangu na wa wanawake wenzangu. Tunapeleka Bunda, na siku nyingine tunakata Kiabakari tunapanda Butiama, ambako ndiko kwao. Watoto wetu wamesoma kwa gari hilo. Kabla ya hapo aliendeshaga malori ya pamba, ujana wake wote, na sifa yake mjini haikuwa mwendo wala nguvu, ilikuwa masikio. Madereva walikuwaga wanaleta magari nyumbani kwetu Kigera, hata injini hawazimi, wanaita tu mzee atoke. Anasimama pembeni mikono nyuma, anasikiliza, anawaambia kilichokufa ni nini, halafu anarudi kumalizia ugali wake.

Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia kinachogonga ni milango, utabishaje? Mimi nilibisha. Nilibisha mpaka Butiama, na wakati wa kurudi nikaendelea.

Chanzo nilikuwa nakijua. Kiangazi kilichopita gari lilichemsha karibu na Bunda, rejeta imekauka kabisa, silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ikapinda. Fundi wetu, jirani wa hapahapa Kigera, aliifungua akaipeleka kwenye mashine, ikakwanguliwa mpaka ikanyooka. Gari likarudi na nguvu kuliko mwanzo. Tulifurahi wote. Halafu kwenye mlima, ukiwa na mzigo, ukikanyaga mafuta, ikaanza ile sauti, kama mtu anatikisa punje za mahindi ndani ya kopo. Kwenye tambarare hakuna. Ukiondoa mguu, hakuna.

Nikamwendea fundi nikamwigizia ile sauti kwa mdomo. Hakunicheka. Alinieleza kwamba silinda hedi ikikwanguliwa, nafasi iliyoko juu ya pistoni inapungua, petroli inabanwa zaidi, na petroli ya kawaida haivumilii kubanwa hivyo. Inawaka kabla ya wakati wake, inaipiga pistoni ikiwa bado inapanda. Endelea hivyo na mizigo, alisema, siku moja pistoni itatoboka, na hapo msiniite kutengeneza, mniite kununua vyuma chakavu.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia neno okteni. Mimi nilikuwa nadhani ile namba kwenye pampu ni ukali wa petroli, kubwa kali, ndogo dhaifu. Kumbe siyo. Fundi alisema ni uvumilivu tu, namba kubwa inavumilia kubanwa, basi, nguvu haiongezi. Sheli nyingi za huku zina petroli ya aina moja, lakini mjini Musoma iko moja yenye pampu mbili, ya namba ndogo na ya namba kubwa. Akanionya tusikimbilie kubwa kwa sifa, maana gari lisiloihitaji ni kutupa hela. Mzee apande mlima na mzigo kwa ile ya kawaida, asikilize. Halafu ajaze ile nyingine, apande mlima uleule na mzigo uleule, asikilize tena.

"Kwa masikio yale," alisema, "jibu atakuja kunipa yeye."

Mume wangu akaenda peke yake. Akarudi mchana, akanawa mikono, akasema kwa upole kabisa kwamba amesikiliza, ya kawaida inatosha. Kesho yake nikapanda naye na magunia, na mlimani gari likagonga mpaka meno yakanisisimka. Yeye anaendesha zake, uso mkavu, anaangalia mbele. Jamani, nilikasirika. Nilimwambia ametia pamba masikioni, nikamwambia ubishi wake utatupeleka kuuza mchicha barabarani. Akashusha gia, akaendelea zake, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Siku ya kujaza mafuta nikaona leo ni leo. Tumefika ile sheli ya pampu mbili, binti wa pampu akauliza ya kawaida au ya namba kubwa, nami nikamjibu kabla mzee hajafungua mdomo: weka kubwa. Mume wangu akanigeukia. Mbele ya foleni ya bodaboda, mbele ya yule binti, akaniuliza, "Wewe ndiye dereva?" Nilishuka. Sikufunga hata mlango. Nikatembea kwa miguu mpaka Mwigobero, jua la utosi, najisemesha njia nzima, na wiki ile tulilala mzungu wa nne.

Nilikuja kuelewa kwa jambo dogo sana. Alikuwa amekaa uani anafunga kamba za turubai, mimi nachagua mchele karibu yake, simu ikaita. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, pale kifuani. Ikaita, ikaita, yeye anavuta kamba, anakaza fundo, anajaribu kama limeshika. Ikakata. Ikaita tena. Mimi nimeshika ungo, namtazama. Baadaye akaitoa mwenyewe kuangalia saa, akakunja uso, akalalamika kwamba siku hizi watoto wanabipu tu, hawamsubiri mtu apokee.

Nikaweka ungo chini. Mambo yote yakaja kwa pamoja. Televisheni anayoifungulia sauti mpaka majirani wanafuata habari wakiwa nje ya dirisha. Wale wanawake wa Mwigobero waliokuwa wakinilalamikia kwamba mzee wako ameanza maringo, tunamwamkia anapita. Yale majibu yake ya "ee, ee" hata ukimwuliza anataka kula nini. Mume wangu hakuwa mbishi. Alikuwa hasikii, na alikuwa anaogopa. Hasira yote ya wiki zile iliyeyuka, nikabaki na huruma na hofu, nayo hofu ilikuwa kubwa zaidi.

Maana nilimwelewa. Jina lake lote lilikuwa masikio. Habari ikitoka kwamba hasikii, nani atampa magunia yake dereva asiyesikia honi? Mtoto wetu mkubwa, aliyeko Mwanza, kila akipiga simu anatuambia tuuze gari mzee apumzike. Apumzike wapi? Mwanaume aliyekaa nyuma ya usukani tangu hajaota ndevu, ukimkalisha uani ahesabu kuku, utamzika mapema. Na nikinyamaza, pistoni inatoboka, gari linakufa, tunafika palepale. Kumwambia usoni niliona atakataa, na akishakataa neno mara moja, hata Mungu atamsubiri.

Kwa hiyo nilinyamaza, mimi, mpaka tulipopakia mifuko ya saruji ya dada yake anayejenga Butiama. Tenki lilikuwa na petroli ya kawaida. Tumeanza kupanda, akashusha gia, akakanyaga, na zile punje za mahindi zikaanza. Nikaweka mkono juu ya paja lake, nikawa namgonga kwa kidole kama injini ilivyokuwa inagonga.

Aliangalia mkono, akadhani labda nataka asimame nijisaidie. Akaondoa mguu. Sauti ikakata, na kidole changu kikatulia. Akanitazama. Akakanyaga tena, sauti ikaja, kidole kikaanza. Akaachia, nikaacha. Mara ya mwisho alikanyaga huku ananiangalia kwa jicho la pembeni, kama anayemvizia mwizi, nami nikamgonga vilevile, taratibu gari likiwa halijaelemewa, haraka lilipoelemewa. Ndipo akatoa gari barabarani, akavuta breki ya mkono, akazima.

Ng'ombe walikuwa wanapita pembeni, anawafuata baba mmoja na fimbo, akatupungia, tukampungia.

"Inagonga namna hiyo?" akauliza.

"Namna hiyo."

"Muda wote huu?"

"Muda wote, baba watoto."

Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limezimwa. Akasema, "Mimi sisikii kitu. Hata wewe, mama watoto, nakuangaliaga mdomo."

Nikajua nikilia ataona aibu, naye akiona aibu hatalisema tena maisha yake yote. Basi nikamgeukia vizuri anione midomo, nikamwambia kumbe ndiyo maana siku hizi ananitazama hivyo, na mimi mwenzake nilishaamini uzuri umerudi. Akacheka. Alicheka mpaka akaegemea usukani, na honi ikalia, na baba wa ng'ombe akageuka kutushangaa.

Tulimshushia dada yake nusu ya saruji, maana nyingine ilibaki Musoma, ya safari ya pili. Tulisubiri tenki likaribie kukauka. Halafu tukaenda kwenye ile sheli, akamwambia binti ajaze ya namba kubwa, tukapakia mifuko iliyobaki na mchanga kidogo ili uzito ulingane, tukarudi kwenye mlima uleule. Mlima ulipoanza akachukua mkono wangu yeye mwenyewe akauweka kwenye paja lake. Akakanyaga. Nilitega masikio mpaka nikahisi yananiuma. Injini ilikuwa inanguruma nzito, sawasawa, haina punje hata moja. Mkono wangu ukakaa palepale bila kazi, tukapita pale tuliposimama na ng'ombe, tukazidi kupanda.

Karibu na juu akaniuliza kama nimesinzia. Nikamwambia sijasinzia, imenyamaza.

Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu fundi alikuwa anasubiri jibu, na gereji ya fundi haikosi madereva. Tulipofika walikuwepo wanne, watano, wamekaa kwenye matairi wanakunywa kahawa. Fundi akafuta mikono, akauliza mbele ya wote, "Haya mzee, umesikiaje?"

Majibu yote yalikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kusema haraka, kwamba mzee amesema hivi, mzee amesikia vile, na siri ingebaki ndani ya gari. Alinitazama, nikajua ananiomba nimwachie aseme mwenyewe. Nikafunga mdomo. Nafikiri sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Mimi sikusikia," alisema. "Masikio yangu yamekwisha. Amesikia mama. Muulize yeye."

Hakuna aliyecheka. Fundi alibaki na kitambaa mkononi. Mimi nikawaza kesho Mwigobero nzima itakuwa imejua. Halafu dereva mmoja wa njia ya Kisorya, mtu wa sauti kubwa ambaye siku zote nilimwona mjivuni, akaweka kikombe chini. Akasema hata yeye, hili la kushoto ni pambo tu, na la kulia linaelekea hukohuko, na hajawahi kumwambia mtu. Akasema anapovuka na kivuko anashuka garini na kusimama karibu na wenye mikoba, akiwaona wanainuka ndipo anajua king'ora kimelia. Wenzake wakamtazama. Mmoja akauliza tangu lini, naye akauliza umesemaje, na hapo ndipo kila mtu akacheka, yeye na mume wangu kuliko wote.

Fundi akanigeukia mimi. Akaniuliza iligonga sehemu gani ya mlima, kwenye gia ipi, na hii ya pili ilikuwaje. Nikamweleza yote, wale madereva wote wananisikiliza. Akasema basi, mkiwa na mzigo na milima jazeni ya namba kubwa kabla ya kutoka Musoma, msitegemee kuipata njiani. Mkiwa watupu, za hapa mjini, ya kawaida haina shida. Wala hakuna kuuza gari. Akampa mume wangu mkono, akasema na hayo masikio nayo yana mafundi wake, ayapeleke yakaangaliwe.

Wanawake wa Mwigobero walijua kweli kesho yake. Walichofanya ni kuacha kumwamkia kwa nyuma. Siku hizi wanamzunguka, wanasimama mbele yake, ndipo wanasema shikamoo.

Juzi alikwenda hospitali kuonyesha masikio, na yule wa Kisorya akaja nyumbani alfajiri kusema na yeye anakwenda. Viti vya mbele ni viwili. Eti mimi nipande nyuma, wao wana mazungumzo. Nikapanda, nimejifunga kitenge kichwani, najiandaa kuwagombeza tukifika. Lakini madirisha yalikuwa wazi, na viziwi wawili hao walikuwa wanazungumza kama watu walioko kwenye mashine ya kusaga, kila mmoja akidhani ananong'ona. Kigera nzima ilisikia. Yule wa Kisorya alimwuliza mwenzake kama anaogopa. Mume wangu akajibu kwamba anaogopa sana, ila amechoka kumwangalia mke wake akimgombeza, anataka kumsikia.