Waya wa Gitaa Langu la Besi

Nichekeni taratibu. Jumapili, sisi tunaojifunza gitaa la besi hukusanyika mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ya Massawe, kutazama mikanda ya video ya bendi zetu na kukosoana. Juzi alikuja Mzee Kondo, mpiga besi mkongwe anayetafuta mtu wa kumrithi kwenye bendi yake. Nikatia kwenye deki mkanda wa harusi tuliyopiga, nikawaelekeza wenzangu kwa upole: “Sikilizeni besi yangu inavyoisubiri ngoma. Msikate tamaa, nanyi mtafika.” Nikarudisha nyuma mara tatu, wasipitwe.

“Besi tamu,” akasema Mzee Kondo. “Lakini mwanangu, mbona waya wa gitaa lako umechomoka, umelala sakafuni?”

Nikatazama. Umelala kweli, tangu bibi harusi anaingia.

“Besi hiyo anaipiga mpiga kinanda, kwa mkono wa kushoto. Anakaa wapi?”

Nikamwelekeza, kwa upole uleule.