Vifurushi Vilivyopotea Njia

Ofisini walimwita Mama Ngoja, kwa sababu hakuna kazi iliyotoka mikononi mwake kabla hajasema ngoja kwanza. Yeye alikuwa mjaribu programu. Safari hii aliletewa swichi ya mtandao isiyo na chuma wala waya, programu tupu iliyokaa ndani ya kompyuta, ikipokea vipande vya data viitwavyo vifurushi na kuifikishia kila mashine vyake kupitia mlango wake. Aliyeiandika ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, na hospitali iliyoinunua ilikuwa ikiisubiri kwa hamu.

Majaribio ya kawaida yalipita yote. Mkuu wa kitengo akaanza kupeana mikono na watu, lakini Mama Ngoja moyo haukumtulia. Akaichukua mashine moja, akaihamishia mlango mwingine wa swichi, akaiacha kimya bila kutuma chochote, kisha akaipelekea vifurushi. Havikufika. Swichi iliendelea kuvipeleka mlango wa zamani, ambako hapakuwa na wa kuvipokea.

Shemeji aliposikia, uso ukamshuka. Alidai kwamba mashine ikihama haikosi kutuma kitu, na hapo swichi itajua ilipo. Mkuu naye akaona wanacheleweshwa bure, tatizo litarekebishwa baadaye.

"Hospitalini mashine inahamishwa pale kitu kinapoharibika," Mama Ngoja alisema. "Na siku hiyo ndiyo daktari anasubiri picha ya mgonjwa. Mimi siipitishi."

"Shemeji, unanivunjia heshima mbele za watu."

"Heshima yako ndiyo inayonihangaisha. Kaa hapa uone."

Akakaa shingo upande. Mama Ngoja akarudia jaribio: mashine ikianza kuzungumza yenyewe, vifurushi vinafika, ikinyamaza, vinapotea. Shemeji alibisha, akabisha, mwishowe akavuta kibodi. Aliandika kwamba mashine ikihama tu, swichi ifute kumbukumbu ya mlango wa zamani na kuitafuta upya kwenye milango yote. Mama Ngoja akaihamisha mashine huku na huko mpaka chai yake ikapoa mezani. Vikafika vyote. Hapo ndipo alipoipitisha.

Mkuu alinuna, maana hospitali ilibidi isubiri zaidi. Nyumbani mume, aliyekwisha kulalamikiwa na ndugu yake, aliuliza kulikoni. Akajibiwa kuwa ya kazini yaishie kazini. Shemeji naye kwa muda akawa anamsalimia juu juu tu.

Kisha asubuhi moja akamjia na programu mpya, ambayo hata mkuu hajaiona.

"Ivunje wewe kwanza," akasema, "kabla sijaanza kujisifu."