Masikio na Nakala Mbili

Mtaani walimwita Masikio, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka thelathini na ushei alikuwa fundi wa santuri katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye rafu mpaka darini na vumbi lisilokwisha hata ulipanguse vipi. Ukimletea nakala mbili za wimbo mmoja, alikwambia ipi ilitoka kiwandani mwanzo, kalibu ya kuchapia ikiwa bado mpya, na ipi ilichapwa baadaye, kalibu imeshachoka. Ya mwanzo, alisema, matoazi yake yanachambuka punje punje kama wali uliopikwa na mjuzi. Ya baadaye yanashikana.

Alikuwa na utaratibu wake. Aligeuzia kiti ukutani, akafumba macho, mkewe akaziweka santuri mashineni moja baada ya nyingine bila kumwambia ipi ni ipi. Akishakata shauri ndipo alipovaa miwani na kusoma alama ya toleo, ile kiwanda kilichoichora kwenye ukingo laini karibu na karatasi ya katikati. Alama haikuwahi kumsuta. Mafundi walioanza na alama aliwasonya tu. Kusoma si kusikia, bwana, hata karani anasoma.

Sasa siku hiyo mkewe alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, na mwalimu mmoja mstaafu akaja na nakala mbili. Alitaka abaki na ile ya mwanzo, nyingine ampe mdogo wake. Masikio alikuwa hoi, mgongo unamuuma, na angeweza kusema njoo wiki ijayo. Lakini aseme hivyo nani, yeye? Akamwita binti yake mkubwa aje aziweke.

Ya kwanza ikaimba. Ya pili ikaimba. Akaomba zirudiwe, zikarudiwa. Jamani, zilikuwa sawa kabisa, kama maji ya mtungi mmoja! Jasho likamtoka. Akasema ni ya pili, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, akavaa miwani. Alama ikasema ni ya kwanza.

Mwalimu, kwa uungwana wake, alisema hata yeye amewahi kukosea akisahihisha mitihani. Akaaga taratibu, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa. Hapo ndipo ilipomuuma Masikio. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Mkewe aliporudi kesho yake mchana, alimkuta amekaa mbele ya mashine iliyozimwa. Akamsimulia yote. Mama wa watu akavua viatu, akakaa, akashusha pumzi. Naye alikuwa amechoka, na si kwa safari.

"Ile ya baadaye nilikuwa naipunguza sauti kidogo, baba watoto," alisema. "Ukisikia imefifia, unaikataa."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kusikia birika likipiga mbinja."

Miaka minne hiyo. Masikio alitaka kukasirika, akaona hasira zenyewe zinataka nguvu. Aliona aibu, aibu tupu, ya mtu mzima kulishwa bila kujua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameyaficha hata kwake mwenyewe. Mwishowe akauliza mkewe alikuwa akijuaje ipi ya kuipunguza. Alikuwa akichungulia alama?

"Nasikia," akajibu mkewe. "Miaka yote hii nilikuwa chumbani humu humu. Ulidhani nafanya nini?"

Masikio akainuka, akamvutia kile kiti cha ukutani.

Kazi inaendelea. Kiti bado kimegeuzwa ukutani, ila anayekikalia ni mama, macho ameyafumba, miguu ameinyoosha. Mzee ndiye anayeweka santuri, na kitufe cha sauti hakigusi. Mteja mgeni akija kumuulizia Masikio, yeye humwonyesha kile kiti, kisha hurudia kupangusa vumbi.