Mikono Mingi kwenye Video Moja

Asubuhi ile sikuweza kukaa. Nilizunguka nje ya duka la koneksyo, wanakouza mtandao, pale mjini Baraka kama kuku anayetafuta pa kutaga, simu mkononi, nikiukodolea macho mstari mwembamba wa kijani uliokataa kusogea. Video ya kaka yangu ilikuwa inashuka kutoka mtandaoni. Tuseme ilikuwa imeahidi kushuka.

Kaka alikuwa ameenda Lulimba kuchimba dhahabu. Shimo moja likaporomoka, watu wakasema alikuwa ndani, na mwili wake haukuonekana. Baada ya muda mrefu sauti yake ikaanza kunifikia kwenye simu kutoka nchi nyingine: yuko mzima, aliondoka kabla ya shimo kuanguka, aliona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Mama aliamini siku hiyo hiyo. Wakubwa wa ukoo kule Fizi walikataa. Walisema sauti huigwa na matapeli wamejaa kwenye simu. Sasa walikuwa wameamua kwamba kesho yake watamfanyia matanga. Na kwetu ukishaliliwa, umeliliwa. Hata ukirudi kwa miguu yako mwenyewe, watu watakusalimia kwa mbali kwanza.

Ndiyo maana nilimwomba kaka atume uso wake. Alishuka mjini siku moja, akajirekodi, akaiweka video mtandaoni na kunitumia lien, kiungo cha kuifungua, kisha akarudi kwenye machimbo ya huko ambako simu haishiki. Hapakuwa na kumwomba mara ya pili. Pikipiki ya kumpandisha mama Fizi ingeondoka mchana, kabla mvua haijaharibu njia, na mtandao wa kule juu unatosha salamu tu. Ama video ipande ikiwa tayari ndani ya simu, ama kaka yangu aliliwe akiwa hai.

Juu ya mlango wa duka kulikuwa na kibao kikubwa chekundu: MEGA MIA MOJA, MBIO SANA. Nilikichukia kibao kile. Kila nikiinua macho kilinicheka.

Watu wa nyumbani walianza kufika. Mama alikuja na mama wadogo, wakafuata wanawake wenzake wa kwaya, na mwisho shangazi, dada ya baba, ambaye ndiye alipiga yowe la kwanza siku ya habari za shimo na ndiye aliyesukuma matanga yafanyike. Kwetu habari kama ile haipokelewi na mtu mmoja. Kila aliyefika alilipia koneksyo, akaketi kwenye benchi na simu yake mapajani. Niliona ni vizuri mama asikae peke yake.

Lakini mstari wangu, badala ya kwenda, ulizidi kulegea. Nikamwendea mwenye duka.

"Papa, hii mega mia moja iko wapi? Mi naona kama iko kwenye kibao tu!"

"Iko, mama, iko," akasema bila hata kuinuka. "Lakini mega ya kibao na mega ya video haiko kitu kimoja."

Hapo alisema kweli, na ilinikera zaidi kwa sababu nilisoma mambo hayo kidogo Uvira. Kibao huhesabu megabit. Video hupimwa kwa megaokteti, na bit nane ndizo zinazotengeneza okteti moja. Kwa hiyo ile mia, hata ingekuwa yote ni yangu, ingenipa kumi na mbili na kitu. Tena hiyo ni pale kwenye antena, hewa ikiwa safi, kabla haijapita ukuta na bati na kuingia kwenye simu ya kizamani kama yangu. Na chini kabisa ya kibao, kwa herufi ndogo, kulikuwa na neno "mpaka". Mpaka mia. Hakuna aliyeniahidi mia yenyewe, ila mimi nilikuwa nimeshaila kwa macho.

"Na tena," mwenye duka akaongeza, "angalia bandugu zako bote kwenye benchi. Beko banafanya nini na simu?"

Nikageuka. Wamama wote walikuwa wameinamia simu zao, kimya, kama watu walio kazini. Nikamnyang'anya mama mdogo ya kwake. Video ya kaka. Ya jirani yake pia, na ya yule wa kwaya pia. Shangazi alikuwa ameichukua ile lien kwa mama, akawasambazia wote.

"Tuko tunakusaidia kuvuta," mama mdogo akasema. "Peke yako utaweza?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hawa ni watu wa ziwa. Wavu wa ndagala, dagaa wetu, ukiwa mzito, anayepita anashika kamba, na mikono ikiongezeka wavu unafika upesi. Nani angewaambia kwamba huku ni kinyume?

"Funga! Mufunge yote!" nilipiga kelele bila adabu. "Ni sawa na maji ya robine. Kila mutu akifungua yake, yangu inabakia matone!"

Robine, yaani bomba, walielewa. Walifunga mmoja mmoja, wengine wamenuna, maana ilikuwa kama nimewafukuza kwenye kilio. Shangazi hakufunga. Simu aliificha chini ya kitenge. Nikajua anataka video isifike ili matanga yake yafanyike.

"Shangazi, funga!"

"Sifunge."

Akaitoa, akanionyesha. Alikuwa amekaa mlangoni, chini ya antena, na simu yake ilikuwa mpya. Mstari wake ulikuwa karibu kumaliza. Wangu haukuwa umefika nusu.

"Mi njo nilianza kumulia," akasema. "Nitaenda kubaambia nini, kama sikumuona na macho yangu?"

Niliogopa. Uso wa kaka yangu uende Fizi mikononi mwa yule aliyemwita marehemu? Nilimtazama mama. Mama akatikisa kichwa kukubali. Nikafunga yangu.

Mstari wa shangazi ulijaa. Tukarundikana kwake. Kaka alitokea na kofia ya machimbo, amekonda, vumbi mpaka kwenye kope, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. Shangazi alijifunika mdomo.

"Mulamu," akamwambia mama, wifi yake, "pikipiki tutapanda babili. Mi mwenyewe nitabaambia."

Mama hakumsikia. Kaka alikuwa ameanza kusema.

"Mama, uko unanisikia?"

"Niko nakusikia, mutoto yangu," mama akajibu kwa sauti.

Nikamshika bega. "Mama, alijirekodi tu. Yeye hakusikie."

"Najua hanisikie," mama akasema. "Lakini ameuliza."

Shangazi aliirudisha video mwanzo kwa kidole, akaiweka simu mikononi mwa mama, ili kaka aulize tena.